Mtaka cha Mvunguni: Mambo Saba Niliyojifunza Nikibomoa Hita na Kiyoyozi cha Basi

Mimi ni seremala. Naanza na hilo ili usije ukadhani unasoma maneno ya fundi magari. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza vitanda, makabati na milango hapa Temeke, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu anayeweza kuunga mbao mbili yasionekane maungio hawezi kushindwa na kitu kilichofungwa kwa nati.

Mwaka 2014 nilinunua Toyota Coaster ya mwaka 1996. Ilikuja nchini ikiwa imeshatumika Japani, ikabeba wafanyakazi wa kampuni fulani mpaka ikachoka, ndipo ikafika kwangu. Nia yangu ilikuwa kuigeuza nyumba ya magurudumu: kitanda nyuma, meza ya kazi katikati, jiko karibu na mlango. Nilikuwa nakwenda Mafinga mara kwa mara kutafuta mbao za mipaina, na nilikuwa nimechoka kulala nyumba za wageni huku nikiwaza kama mzigo wangu bado uko pale nilipouacha.

Ramani ya kujenga niliichora kwa wiki mbili, kila kabati na kipimo chake. Ramani ya kubomoa sikuichora hata dakika moja. Nilidhani kubomoa ni nguvu tu, na nguvu nilikuwa nazo. Tangu hapo nimewageuzia watu mabasi mengine manne: mgahawa, saluni na nyumba mbili. Makosa ya kujenga niliyofanya humo yote nimeyarekebisha kwa msumari na gundi. Makosa yaliyoniunguza, yaliyonifedhehesha na nusura yaniue niliyafanya nikibomoa, na karibu yote yalitokana na vitu viwili: hita na kiyoyozi.

Wewe unayesoma hapa najua unalo basi, au unalipigia hesabu. Sitakukatisha tamaa. Nataka tu usilipe karo niliyolipa mimi.

1. Fuata bomba mpaka mwisho wake

Chini ya viti vya Kosta yangu kulikuwa na visanduku viwili vya bati, kila kimoja na matundu mbele na feni ndogo ndani. Aliyeniuzia alisema ni spika za zamani. Nikakubali, maana mtu akishalipa fedha huwa mwepesi wa kukubali. Nilipong'oa viti nikakuta kila kisanduku kimeingiwa na mipira miwili mieusi, minene kama kidole gumba, inayotokea sakafuni. Spika gani hiyo inayoingiwa na mpira wa maji? Swali hilo nilijiuliza nikiwa nimeshakata.

Ilikuwa mchana. Basi lilikuwa limerudi kutoka Ubungo muda si mrefu, injini bado ya moto. Nikachukua kisu cha kukatia kapeti, nikakata mpira wa kwanza. Maji ya kijani yakanirukia kifuani na mkononi, ya moto kama chai inayochemka. Niliruka nikagonga kichwa kwenye dari, nikateremka nikimwita mama yangu, aliyekuwa amefariki miaka kumi nyuma.

Kile kisanduku kilikuwa hita. Mabasi haya yametengenezwa na watu wanaojua theluji. Hita yake haina moto wake yenyewe, ni rejeta ndogo tu. Maji yanayopoza injini hupita kwenye bomba la chini ya sakafu, huingia kwenye kisanduku, feni hupuliza joto lake kwa abiria, kisha maji hurudi kwenye injini. Injini ikiwa kazini maji hayo hufika nyuzi 80, hata 90 na kupita, tena yamebanwa na mfuniko wa rejeta. Ukiyapa tundu hayatiririki, yanaruka.

Nikiwa nimekaa uani napepewa na mke wangu, mjukuu wa jirani akaja akasimama kando ya lile dimbwi la kijani. "Babu, hiyo juisi?" Ndipo nilipoogopa kweli. Dawa ya rejeta huwa na glaikoli, nayo ni tamu mdomoni na ni sumu mwilini, kwa mtoto, kwa mbwa na kwa paka. Nilimwaga mchanga, nikazoa, nikaosha uwanja mzima kwa mkono mmoja.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka bila kuinama. Siku hizi, kabla ya nati ya kwanza, nalala chini ya basi na tochi kwa nusu saa nzima, basi likiwa limeegemezwa kwenye magogo imara, kwa maana jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa uhai. Kila bomba nalifuata kwa kidole: linatoka wapi, linapita wapi, linaishia wapi. Nikishajua ndipo naacha injini ipoe usiku kucha, nafungua mfuniko wa rejeta, nakinga maji kwenye beseni, nayatia kwenye dumu na kuandika juu yake SUMU kwa herufi ambazo hata mimi nisiye na miwani nazisoma.

2. Kiyoyozi kilichokufa bado kina gesi

Wiki ile ile, mkono wangu ukiwa bado na bandeji, nikageukia kiyoyozi. Aliyeniuzia alisema kina miaka mitatu hakifanyi kazi. Hapo nikapiga hesabu ya kiseremala: kitu kilichokufa hakina pumzi. Nikashika nati ya bomba la alumini karibu na kompresa, nikailegeza.

Ikapiga mluzi. Ukungu mweupe ukanifunika, na kabla sijatoa mkono kidole changu cha shahada kilikuwa kimepauka na kufa ganzi kama si changu. Kwa hiyo ndani ya siku tano niliungua kwa maji ya moto na kwa gesi ya baridi, kutoka kwenye basi moja, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Fundi friji wa mtaa wetu alikuja mbio baada ya kusikia ule mluzi. Hakunipa pole kwanza. Alisema, "Mzee, shikamoo, lakini umefanya kitu kibaya." Halafu akanifundisha, na nilichojifunza siku ile kilinishangaza kuliko maumivu.

Kiyoyozi kinaweza kunyamaza kwa sababu ya waya uliokatika, fyuzi iliyoungua au kompresa iliyogoma, na gesi yake ikabaki yote ndani. Basi la katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi lina gesi iitwayo R134a. Gesi hiyo huchemka kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikitoka ghafla hufyonza joto la chochote ilichokigusa, na kidole ni kimojawapo. Siku ya joto la nyuzi 30, ikiwa imetulia tu ndani ya mabomba, husukuma kwa nguvu ya karibu pauni 97 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 32 hivi. Yaani nilikuwa nafungua kitu chenye nguvu ya tairi mara tatu, uso wangu ukiwa shibiri moja kutoka kwenye nati.

Tena geji haitakuambia gesi iko kiasi gani. Maadamu bado kuna tone la gesi iliyogeuka maji ndani ya mfumo, kipimo husoma vile vile, iwe imejaa au imebaki kidogo. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ukiimwaga ndani ya shimo la gereji hutanda chini na kuifukuza hewa unayovuta.

Kuna na jambo kubwa kuliko kidole changu. Gesi ya mabasi ya zamani zaidi, R12, ndiyo moja ya zile zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa. R134a haili ozoni, lakini kilo yake moja ikitoka angani hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ukaa. Kuipunguza na wenzake, mataifa yalikutana hapa hapa kwa majirani zetu, Kigali, Oktoba 2016. Mimi niliimwaga yote Temeke kwa spana namba kumi na nne.

Kazi hii ina wenyewe. Fundi friji aliyesomea, kama wale wanaofundishwa VETA, huja na mashine ya kuinyonya gesi na mtungi wa kuihifadhi. Kwa basi la pili nilimwita. Alitazama vali za kujazia na kunionyesha kwamba zile za R12 hufungwa kwa hesi na zile za R134a hubanwa kwa kubonyeza. Akafunga mipira yake, akawasha mashine, akaniambia nikanywe chai. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha na vidole vyangu vyote kumi vilikuwa na rangi yake.

3. Spana kwanza, grenda mwisho

Grenda ni mashine ya kumpa mtu kiburi. Bolti ikikataa mara mbili, unaitazama grenda, nayo inakutazama.

Nilikata bomba za kiyoyozi darini kwa grenda kwa sababu bolti zake zilikuwa na kutu. Kazi ilikwenda upesi mno, nikajisifu mbele ya kijana wangu wa kazi. Jioni nikalitoa basi barabarani kulipeleka kwa mchomeleaji. Trafiki akanisimamisha, akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba taa zangu za breki haziwaki. Sikujua. Nilipokanyaga breki mbele yake, kwa ajabu, kilichofanya kazi ni feni moja ya hita iliyokuwa bado haijang'olewa. Alicheka mpaka akasahau kuniandikia.

Waya za kiyoyozi, taa za ndani, taa za nyuma na redio zilikuwa zimefungwa pamoja katika fungu moja, zikipita juu ya njia ya hewa ya darini. Grenda haijui kuchagua. Nilikata saba na kuunga sita, na ile ya ethi nikaiunga mahali si pake.

Kijana wangu, ambaye nilikuwa namwita dogo na leo ana gereji yake, ndiye aliyenifundisha dawa. Basi la pili alianza kwa kulipiga picha kwa simu kila sehemu kabla ya kuigusa. Kila waya akaubandika kipande cha selotepu ya karatasi na jina lake: "feni ya nyuma kushoto", "swichi ya dashibodi", "sijui". Hilo neno "sijui" lilitusaidia kuliko mengine yote, maana waya wenye jina hilo haukukatwa mpaka ulipojulikana. Betri huvuliwa kwanza, na waya unaobaki bila kazi hufunikwa ncha yake usije ukagusa bodi na kuanzisha moto nyuma ya kabati zuri ulilolijenga.

Na kuhusu moto: usilete gesi ya kuchomelea karibu na mabomba ya kiyoyozi ambayo hayajanyonywa. R12 ikikutana na moto hutoa fosijeni, sumu ile ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. R134a nayo huzaa tindikali ya kuunguza mapafu. Kijana mmoja alikuwa ameshawasha kiberiti kwenye basi la pili, na fundi friji alimpigia ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Mbagala.

4. Ukikata mzunguko, uunge

Hapa ndipo useremala wangu uliponiaibisha kabisa. Nilipotoa zile hita mbili, nilibaki na mipira miwili inayotoka kwenye injini: mmoja wa kupeleka maji, mwingine wa kuyarudisha. Fundi magari yeyote angejua la kufanya. Mimi nilikwenda kwenye mashine, nikachonga vizibo viwili vya mninga, vikaingia vizuri kama kizibo kwenye chupa. Nikavigonga kwa nyundo, nikavifunga kwa waya. Nilimwita hata mke wangu aje avione.

Vilishika Kibaha. Vilishika Morogoro, vikashika Mikumi. Tukafika Kitonga. Anayeijua barabara ya Iringa anaujua mlima ule: gia nzito, malori yakinguruma mbele na nyuma, jabali upande mmoja na korongo upande mwingine. Nusu ya mlima nikasikia mlio kama risasi, halafu mvuke ukafunika kioo. Kizibo kimoja kilikuwa kimeondoka. Hakijapatikana mpaka leo.

Nyuma yetu lilisimama lori la mizigo, akashuka utingo, kijana wa miaka ishirini hivi. Akachungulia chini, akakiona kile kizibo cha pili bado kimekaa kwa heshima mahali pake. Akanitazama muda mrefu. "Mzee wangu," akasema, "maji hayazibwi. Maji yanarudishwa kwao."

Tulisubiri zaidi ya saa nzima injini ipoe, na hata baada ya hapo akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, taratibu, uso ameugeuza pembeni. Akatoa kipande cha bomba la chuma kwenye kisanduku chake cha vifaa, akaunga mpira wa kwenda na wa kurudi, akabana kwa klipu mbili. Tukajaza maji, injini ikiwa inaunguruma na mfuniko uko wazi mpaka mapovu yakaisha, maana hewa iliyonaswa ndani hukalia nafasi ya maji na injini huungua mahali ambapo geji haioni. Gasketi ya hedi ilipona kwa bahati, si kwa akili yangu.

Somo lake ni hili. Kwenye baadhi ya injini maji yanayopita kwenye hita ni sehemu ya mzunguko wa injini yenyewe, kwa hiyo kuunganisha ni salama kuliko kuziba. Ungia karibu na injini, ili usiburute mita kadhaa za mipira ya kizee chini ya kitanda chako. Tumia mpira wa rejeta na klipu za kweli. Kisha angalia kiwango cha maji baada ya safari ya kwanza, na ya pili.

Kompresa nayo ina mzunguko wake, ule wa mkanda. Kwenye Kosta yangu ilizungushwa na mkanda wa peke yake, nikautoa bila madhara. Kwenye basi la tatu mkanda uliozungusha kompresa ndio uliozungusha na pampu ya maji. Tulipoing'oa kompresa mkanda ukabaki unaning'inia, na hatukuwa na pampu. Ikabidi tutafute mkanda mfupi zaidi unaofuata njia mpya. Kabla hujatoa kitu kinachozunguka, tazama kinazunguka pamoja na nani.

5. Kila tundu ulilolifungua ni mlango

Hita mbili, mabomba ya darini, kondensa yenye feni zake, mipira na waya. Nilipomaliza kuvitoa nilihesabu matundu kumi na tisa kwenye sakafu na kuta. Niliyaziba kwa silikoni na kuyafunika kwa mbao nzuri za mipaina.

Masika ya kwanza yalinipa jibu. Maji yanayorushwa na tairi yalipanda kwa chini, yakalowesha mbao kwa upande usioonekana, na baada ya miezi michache sakafu yangu ikaanza kunuka kama gunia la dagaa. Nikang'oa kazi ya wiki tatu. Chini yake bati lilikuwa limeanza kutu kuzunguka kila tundu.

Lakini maji yana adabu, hujitangaza kwa harufu. Moshi wa injini haupigi hodi. Tundu la sakafuni lililo karibu na bomba la moshi huingiza ndani gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu hulala, haamki.

Siku hizi tundu huzibwa siku ile ile lilipofunguliwa: kutu husuguliwa, rangi ya kuzuia kutu hupakwa, kipande cha bati hukatwa kikubwa kuliko tundu, hubanwa kwa ribiti na gundi ya bodi pande zote. Halafu namwingiza kijana ndani na tochi usiku, milango imefungwa, mimi nikiwa chini. Nikiona mwanga, kazi haijaisha.

6. Uliza kifaa kina kazi ngapi

Nilipokuwa nang'oa, nilijiambia maneno ambayo nimeyasikia kwa kila mtu niliyemgeuzia basi: "Hita ya nini Tanzania?" Nikatoa zile mbili za chini ya viti, nikatoa na ile ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Nilitaka nafasi ya kuweka kabati la viatu.

Juni, wakati wa kipupwe, tukaenda Mafinga, kisha Makambako, kisha Njombe, na mke wangu akataka tufike Makete. Asubuhi moja kabla ya Njombe tuliingia kwenye ukungu. Kioo cha mbele kikapata jasho kwa ndani. Nikabonyeza swichi ya kupuliza kioo, ikapuliza hewa baridi, jasho likazidi. Kumbe ile hita ndogo ndiyo iliyokuwa ikipasha hewa inayofuta kioo, na kiyoyozi, kwa upande wake, hukausha hewa hiyo hata pale usipohitaji baridi. Nilikuwa nimetoa vyote viwili. Tulikwenda kilomita nyingi mke wangu akifuta kioo kwa khanga, mimi nikiendesha nimetoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Usiku wa Makete ulikuwa mbaya zaidi. Pale juu, karibu na uwanda wa Kitulo wenye mwinuko wa mita kama 2,600, kipupwe huleta sakitu. Bati la basi lilikuwa baridi kama friji. Nikafanya jambo ambalo bado linanitoa jasho nikilikumbuka: niliingiza jiko la mkaa ndani, nikafunga madirisha. Tulilala vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Mke wangu aliamka usiku wa manane kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, akaniita nisijibu. Alifungua mlango kwa teke, akaniburuta kwenye baridi. Sisi wawili tumebaki kuisimulia hadithi hiyo kwa sababu ya kichwa kilichouma cha mwanamke mmoja.

Sitaki kukudanganya kwamba ile hita ya basi ingetupasha usiku kucha. Injini ikizimwa, nayo hupoa. Lakini ingetufikisha tukiwa na nguo kavu na miguu yenye joto, na nisingefikiria mkaa. Usiku wenyewe hutibiwa kwa blanketi zito, sponji kwenye kuta na nguo za sufu. Makaa na moto wowote wa wazi, kamwe usilale nao ndani ya basi, hata ukiacha ufa dirishani.

Tangu hapo, kwa kila kifaa naandika kazi zake zote kabla ya kuamua. Nauliza pia basi litaishi wapi. Saluni ya kuzunguka Tanga haihitaji hita za abiria, lakini hita ya mbele naiacha kwa kila mteja. Kiyoyozi kinachofanya kazi nakiacha kwa anayesafiri sana, maana huzungushwa na injini. Kwa anayeegesha wiki nzima hakina faida, bora dirisha kubwa, kivuli na feni.

7. Usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu siku ile ile

Jioni ya siku ya mwisho ya kubomoa, uani kwangu kulikuwa na rundo: kompresa, kondensa, hita tatu, feni, mipira, mabano. Lilikuwa linanichefua. Alipopita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nilimwita kama mkombozi. Akapima, akanipa shilingi elfu arobaini na tano, akaondoka akiimba. Kuimba kwake kungenitosha kuelewa.

Baada ya Makete nilikwenda Ilala kutafuta hita ndogo ya mbele. Nikazunguka maduka ya spea mpaka nikaikuta moja iliyotumika, ya Kosta, safi. Mwenye duka akataja elfu themanini. Nikaigeuza kuitazama vizuri. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo wa patasi, na patasi ile naijua kwa sababu nilikuwa nimeivunja ncha yake siku ile ile nikiing'oa hita. Nililipa. Sikumwambia chochote mwenye duka, na mke wangu nilimwambia baada ya mwaka mmoja.

Feni za basi hufanya kazi kwa umeme wa betri, na feni mbili za hita zingenifaa kupitisha hewa jikoni. Mabano yake yangenipa pa kufungia tangi la maji. Kwa hiyo kila kilichotolewa nakiweka kwenye turubai, kimepangwa na kina jina, kwa mwezi mzima baada ya safari ya kwanza ndefu. Mwezi ukiisha ndipo nauza, tena kimoja kimoja: kizima kwa muuza spea, shaba na alumini kwa mnunuzi wa vyuma, dawa ya rejeta na mafuta ya kompresa kwenye dumu lenye jina, yasimwagwe mtaroni.

Kosta yangu bado iko barabarani, na hita ndogo ya mbele imerudi nyuma ya dashibodi, ikiwa na mkwaruzo wake. Kabati la viatu halikujengwa, viatu vinakaa chini ya kitanda. Kwako wewe mwenye basi uani na spana mkononi, ninalo ombi moja tu: leo usifungue nati hata moja. Tandika gunia, chukua tochi, lala chini ya basi lako, ulitazame mpaka ulijue. Kesho anza.